Darasa la Dengkima

Gari la abiria lilikuwa likipanda mlima kuelekea mji wa Aizawl, na Pi Rokimi, mama muuza mboga, ameketi katikati ya wanaume wawili, marafiki tangu utotoni, waliokuwa wakigombana kupitia juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni furushi.

“Mimi mzee wa kanisa, niwe mwanafunzi wako shule ya Jumapili? Wewe Dengkima, niliyekuwa nikikuokota mtaroni umelewa chakari?”

“Huyo huyo. Nilipookoka si ulinifundisha wewe? Nilikaa nikasikiliza. Sasa zamu yako, Hrangchhuana. Kwetu shule ya Jumapili si ya watoto tu; hata bibi kizee anafanya mtihani wa Biblia.”

“Siji! Wanivue uzee wa kanisa wakitaka!”

Pi Rokimi alimeza kicheko. Gari likasimama. Hrangchhuana akashuka amefura, kisha akachungulia dirishani. “Siji, nimesema! Na usiniweke nyuma, sisikii vizuri.”