Nywele za Mkia

Basi lilikuwa limekaribia mji wa Arvaikheer, na Mwalimu Sarnai, aliyekaa nyuma ya marafiki wawili waliokuwa wakienda kununua gari kuukuu, alishaacha kujifanya anasoma.

“Tukifika, Dulmaa, fungua boneti kwanza,” alisema mwenye kofia nyekundu.

“Injini utaangalia wewe, Gerlee. Mimi namwangalia mwenye gari. Tukiuza farasi si tunabaki na nywele za mkia, baraka isiondoke naye? Basi mzee huyo asipobaki na chochote, hata kirungu cha gia, gari silinunui.”

“Yaani siku nzima barabarani, kumbe tunakwenda kukagua moyo wa mtu?”

“Anayeuza bila kubakiza kitu anatua mzigo, mwenzangu. Sitaubeba mimi.”

“Na akibaki na gurudumu?”

“Hapo tutaelewana bei.”

Sarnai, ambaye mumewe aliondoka bila kuchukua hata picha moja ya arusi, aliona Dulmaa ana akili timamu.

Basi likasimama. Nje, kando ya gari jeupe, mzee alikuwa amenyoosha mkono mmoja wenye funguo. Gerlee alitazama gari. Dulmaa alitazama mkono wa pili, uliokuwa mfukoni, umefumbwa kama ulioshika kitu.