Sindano ya Mgongo Kwenye Basi la Kahama

Magesa, mchimbaji wa Nyarugusu, alijifanya amelala, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na hapo mbele palikuwa pakizungumzwa habari za leba.

Shikamoo na marahaba zilikwisha tangu Shinyanga. Sasa dada mmoja mnene, mjamzito, alikuwa akimweleza mama mtu mzima aliyekaa naye: "Daktari kasema naweza kuchomwa sindano ya mgongo, uchungu upungue. Ila kwa mwili huu niwahi kufika, wapate muda wa kuutafuta uti wa mgongo."

"Yaya!" mama alikataa kwa Kisukuma. "Mimi nimezaa saba, na mwili ni huu huu. Nilivumilia tu."

"Hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini."

Magesa alikigeuza kicheko kuwa kikohozi, maana aliyelala hacheki.

"Mimi nataka mlinzi abaki getini kwake," dada akasema. "Ya mgongo ikishindikana, kuna sindano ya paja, kuna kukandwa kiuno. Kuvumilia siyo dawa, mama."

Basi likaingia stendi ya Kahama. Mama akanyanyua kikapu chake. "Mbishi wewe! Unaitwa nani, nije nikuulizie?"

"Vumilia."

Mama alicheka mpaka akakaa tena. "Basi ukifika leba, mwambie nesi akuite kwa jina la baba yako. La sivyo, kila akikuita utadhani kakunyima sindano!"