Kenchi Tatu Zilizoliwa na Mchwa

Assalaam aleikum, na walio Wakristo, Bwana asifiwe. Mwenyekiti ameniomba niseme nilivyorudi kwenye kazi yangu. Nitasema, ila majina ya watu nayaacha majumbani kwao.

Mimi ni seremala. Wengi hapa Usagara mnanijua, na baadhi yenu mlikuwa mkifunga mlango mkiniona napita. Mlikuwa na haki. Mjane mmoja wa Mabawa aliniita nimkagulie paa, alikuwa ameona mchwa. Nilipopanda darini nikakuta kenchi moja tu, katika zile mbao zinazobeba bati, ndiyo imeliwa. Nikashuka nikamwambia, "Mama, zote zimekwisha." Akauza cherehani yake kunilipa. Mbao nzima nilizozitoa nikaenda kuzipigilia kwenye nyumba ya mteja mwingine. Mkwe wa yule mjane akapita, akaziona, akazijua.

Habari ilifika hadi Horohoro. Mwaka mzima na ushei sikupanda paa la mtu. Tulikula kwa vitumbua vya mke wangu, na yeye mwenyewe nikimwambia mvua inakuja, anatoka nje kwanza kuangalia. Ndugu zangu, nawaambia, kutoaminiwa kunachosha kuliko njaa.

Siku moja bibi mmoja, jirani wa yule mjane, akaniita nimgongomelee kitanda. Kitanda tu. Binti yake akaweka kiti mlangoni, akakaa kunilinda. Nikiwa nimeinama, nikaona njia ya udongo imepanda ukutani, nyembamba kama mshipa, imeingia darini. Nikagonga fremu ya mlango, ikalia kama debe tupu.

Nikawaza. Nikisema, wataona nimeanza tena. Nisiposema, chini ya paa lile bibi analala na wajukuu.

"Bibi, paa lako lina mchwa."

Akatabasamu. "Nilikuwa nakungoja useme hivyo."

"Usiniamini. Bisibisi hii hapa. Binti yako apande achome mwenyewe, mimi nitashika ngazi."

Binti akapanda. Kenchi ya kwanza, bisibisi ikazama hadi mpini. Ya pili ikagoma. Akazichoma zote kumi na moja: tatu zimeliwa, nane nzima.  Bibi akamwita fundi mwingine bila kumweleza lolote. Naye akasema tatu.

Ndipo akanipa kazi. Mbao alinunua mwenyewe, na kila kipande nilichotoa kilibaki uani mbele ya macho yake. Niliona aibu, lakini nilifanya. Nilipomaliza akaniambia, "Jirani yangu unamjua. Nenda."

Nikaenda kwa mjane, nikakiri. Cherehani nimemnunulia nyingine, kidogo kidogo, kwa kazi ile na zilizofuata. Aliipokea. Kunikaribisha ndani, bado.

Namshukuru bibi yule, binti yake, na mke wangu aliyevumilia. Mwenye nyumba, fundi akikwambia kenchi imeliwa, mwambie akuonyeshe, choma kwa mkono wako, kisha ita wa pili. Nawe fundi mwenzangu, ukitiliwa shaka usinune. Mimi shaka yao ndiyo iliyoninyoosha. Hata leo nikishuka darini, sisemi neno mpaka mwenye nyumba naye apande.