Mzee Shingo, Mlinzi wa Roshani

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wetu wa kikosi cha zimamoto anavua buti za kazi baada ya kuutumikia uwanja huu wa ndege kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, wa dawati la maulizo, niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima na nisitie chumvi. Heshima nimeahidi. Hiyo chumvi tutaona.

Jina lake halisi liko kwenye kadi ya kazi, na linaishia hukohuko. Sisi sote tunamwita Mzee Shingo, kwa sababu injini ikinguruma tu, popote alipo, shingo yake inageuka kutazama juu. Imegeuka katikati ya vikao. Imegeuka kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, mkwe akiwa amemshika mkono anatoa shukrani. Mkewe, ambaye ni wifi yetu sisi wanawake wa hapa, anasema siku za uchumba alidhani amepata mwanamume mwenye haya, asiyethubutu kumtazama usoni. Kumbe ndege zilikuwa zinapita juu ya nyumba ya kwao.

Alianza kama mpakia mizigo, enzi hizo uwanja mzima ni jengo moja, benchi mbili na mzani. Ndege zilikuwa ndogo, kwa hiyo abiria naye alipimwa uzito pamoja na begi lake, pale mlangoni, mbele ya kadamnasi. Kazi ya kusoma kilo kwa sauti ilikuwa ya Mzee Shingo. Jamani, watu waliaibika! Wengine walivua viatu, wengine walivuta tumbo ndani kana kwamba litapungua uzito. Akawaonea huruma, akaanza kumnong'oneza karani namba sikioni. Akina mama walimpenda sana kwa hilo, ila kuna mabwana kadhaa waliokuja juu wakidhani wanasengenywa.

Akahamia zimamoto, na huko ndiko alikokaa mpaka akawa mkuu. Tumshukuru Mungu, moto wa maana haujawahi kututembelea, kwa hiyo ushujaa wake umeonekana kwenye mambo mengine. Kile kifuko kirefu cha kuwaonyesha marubani upepo kilipoibiwa, na kipya hakijaletwa, alikata mguu mmoja wa suruali yake ya kazi akautundika mlingotini. Wiki nzima ndege zilitua kwa kutazama suruali ya Mzee Shingo. Iliyobaki aliendelea kuivaa, eti mguu ulio wazi unapata hewa.

Anajigamba kwamba anaijua kila ndege kwa mlio wake, macho yakiwa yamefumbwa. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine ni jenereta la jikoni. Siku kampuni moja ilipoleta ndege yake kubwa kwa mara ya kwanza, ratiba ilisema magari ya zimamoto yairushie maji juu kwa kuilaki. Mzee Shingo akausikia mlio, akatoa amri, maji yakapaa, yakapendeza. Kilichopita chini yake kilikuwa kindege cha mizigo kilicholeta vifaranga, rubani ametoa macho. Ndege kubwa ilipofika na wageni wake waalikwa, tangi lilikuwa kavu. Akawapanga vijana wake mstari, wakaipigia makofi. Wageni walisema ni mapokezi ya aina yake. Rubani wa vifaranga, kwa upande wake, mpaka leo anasimulia kwamba hajawahi kuthaminiwa namna ile.

Sasa tuje kwenye roshani, maana ndiyo habari yenyewe. Wapya hawajui, lakini roshani ile ya ghorofani, inayotazama maegesho ya ndege, zamani ilikuwa wazi kila Jumapili. Watu walikuja na watoto wao kutazama ndege, na mwenye mgeni aliweza kumpungia mkono mpaka mlango wa ndege ufungwe. Mama yake Mzee Shingo hakukosa. Mwanawe akipita chini na gari jekundu, alisimama akapunga kanga na kumwita kwa jina lake la utotoni, na kikosi kizima kikasikia. Zilipokuja taratibu mpya za usalama, roshani ikatiwa kufuli. Watu wakabaki kuagana pale pa kukagua mabegi, mbio mbio, mkanda mkononi. Mama wa watu akaenda kusimama kwenye uzio, nyuma ya maegesho ya magari, asione zaidi ya mikia ya ndege. Alifariki bila kupanda tena. Mzee Shingo hajalisamehe jambo hilo, na haoni sababu ya kulisamehe.

Miaka mitatu iliyopita, Meneja wetu akaamua kwamba roshani ndiyo mahali pazuri pa kufunga mashine kubwa za viyoyozi. Mashine zikaja, zikawekwa stoo. Ikabaki saini ya mkuu wa zimamoto. Thubutu! Mzee Shingo akamwonyesha Meneja kwamba roshani, pamoja na ngazi zake za nje, ndiyo njia pekee ya dharura ya watu wa ghorofani. Njia ya dharura haiwekewi mashine. Tena njia ya dharura lazima ifanyiwe mazoezi.

Na mazoezi yakafanyika, kila mwezi. Kengele inalia, yeye anafungua kufuli, watu wa ghorofani, nasi wa maulizo tukiwemo, wanatoka, wanasimama roshani kuhesabiwa, kisha wanashuka. Ajabu ni kwamba kengele ililia kila mara muda mfupi kabla ya ndege kubwa kutua. Vijana wake wakiwa tayari garini kule chini, yeye huku juu alituhesabu polepole, akakosea, akaanza upya, mpaka ndege itue, isimame na abiria wa mwisho ashuke. Zoezi lilihitaji pia majeruhi wa kuigiza, naye akawaita rafiki zake wa kule kwenye uzio, wale watazamaji wa ndege wenye darubini. Fundi cherehani wa sokoni amevunjika mguu kwa ajili yetu mara nyingi mno, na kila akivunjika machela yake inaelekezwa kwenye njia ya kurukia. Meneja aliwahi kuuliza majeruhi anahitaji darubini ya nini. Akaambiwa ni ya kutuliza mshtuko.

Lakini Meneja si mtoto. Alijua anachezewa, akajenga ngazi nyingine za chuma upande wa nyuma. Zilikamilika mwezi uliopita. Kwa hiyo hoja ya Mzee Shingo ikafa: njia ya dharura nyingine ipo, mkuu mpya wa zimamoto atasaini, mashine zitatoka stoo. Mwezi huu wote hatukumtambua mtu wetu. Hatanii, halumbani, chai inapoa mbele yake. Aliniambia waziwazi kwamba roshani ikifa mara tu akiondoka, ataona miaka yake yote imekwenda bure, na sherehe yetu tuile wenyewe.

Ijumaa iliyopita ikawa zoezi lake la mwisho. Siku hiyohiyo binti pekee wa Meneja alikuwa anasafiri kwenda masomoni mbali. Waliagana pale pa kukagua mabegi kama watu wengine: amemkumbatia nusu, foleni inasukuma, mkaguzi anamtaka mtoto avue viatu. Meneja akarudi ofisini bila kusalimia mtu, akafunga mlango.

Kengele ikalia. Mzee Shingo akaenda mwenyewe kumgongea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Meneja akafoka kwamba leo si siku ya upuuzi. Mzee Shingo, kwa adabu zote, akamjibu kwamba moto haujui leo wala kesho, na kanuni haijui cheo. Akamshika mkono kama mgonjwa, akamtoa nje.

Chini abiria walikuwa wanatembea kuelekea ndege. Binti alikuwa karibu na mwisho, gauni la njano, anaburuta kibegi. Meneja akamwona, akaukimbilia ukingo wa roshani. Kisha mtu huyu, anayetuandikia maonyo tukipiga kelele koridoni, akapiga kelele. Alimwita mwanawe kwa jina lile alilomwita akiwa mchanga, akalirudia, mpaka likapenya mlio wa injini. Binti akageuka, akatafuta, akaona. Akaliacha begi lianguke, akapunga mikono yote miwili. Wakapungiana mpaka mlango ukafungwa, na baba akaendelea mpaka ndege ikageuka, ikakimbia, ikapaa. Meneja alilia. Na sisi tulilia, hakuna wa kumcheka mwenzake. Fundi cherehani alilia akiwa kwenye machela, bendeji mguuni. Mzee Shingo peke yake hakuitazama ndege. Alikuwa anamtazama Meneja, huku anatuhesabu, anakosea, anaanza upya.

Kama aliipanga siku ile makusudi? Nimemuuliza. Ameniambia ratiba ya mazoezi ni siri ya kikosi.

Jumatatu asubuhi mashine zilitolewa stoo zikafungwa nyuma ya jiko. Kufuli la roshani limekatwa, na kuanzia Jumapili ijayo kila mtu ataruhusiwa kupanda baada ya kukaguliwa. Meneja amezisoma aya hizi kabla hazijachapwa. Ameniruhusu kuandika yote, ila nipunguze pale anapopiga kelele. Sikupunguza.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kazi, kwa suruali, na kwa kutupandisha ngazi kila mwezi tukinung'unika. Tunakuombea afya, amani ya nyumbani na usingizi wa mchana usiokatishwa na jenereta la mtu. Kadi ya kazi utairudisha tarehe 30, na Jumapili inayofuata njoo na wifi mpande roshani kama watu wengine. Hakuna kengele itakayolia, wala mtu wa kuwahesabu. Kaeni mpaka mchoke.