Kepteni Nimegusa Anavua Glavu

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kuchanganyia rangi, Kepteni wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimepewa mimi wa stoo niandike, kwa sababu nimecheza naye kriketi tangu tumbo langu linaingia kwenye suruali nyeupe, na kwa sababu, tusidanganyane, kiwanda hiki nani mwingine anajua kuandika? Shule niliiacha mapema, lakini dunia nimeizunguka.

Alianza kama mfagiaji. Aliikuta timu ina gongo moja la kupigia mpira, lililozungushiwa gundi ya karatasi, na wachezaji saba, wawili kati yao wakidhani wamekuja kwenye kikao cha nyongeza ya mshahara. Haikuchukua muda akawa mchanganyaji mkuu na kepteni, na timu ikaanza kuogopwa. Mpigaji wa kutegemewa alikuwa yeye. Wa kutazamwa nilikuwa mimi.

Kitu kimoja kilitukwepa: kikombe cha viwanda. Na kisa ni neno lake moja. Kwa wasioujua mchezo, ukiugusa mpira kwa gongo na mdakaji aliye nyuma yako akaudaka kabla haujafika chini, umetoka. Mguso mwingine ni mwepesi kama unywele, anayeujua ni mpigaji peke yake. Fainali yetu ya kwanza, zimebaki mbio mbili tu, ndizo pointi zetu, tushinde, na mpigaji wetu wa mwisho ni Kepteni; mpira ukapita gongo lake, mdakaji akaudaka, mwamuzi akatikisa kichwa kwamba abaki. Yeye akaweka gongo kwapani, akasema, "Nimegusa," akaondoka zake. Tukafungwa. Mashabiki wa kiwanda cha mabomba wakampachika jina papo hapo: Bwana Nimegusa. Shemeji yetu, mkewe, alimwambia akalale na mwamuzi wake, ila chakula alimwekea.

Sisi tulinuna wiki nzima. Halafu neno likaingia kazini. Siku pipa zima la krimu lilipotoka na rangi ya maini, tukaanza kutafutana uchawi, fundi wa mashine akanyoosha mkono: jamani, nimegusa. Kazi ikaendelea. Hata meneja ameshalisema. Kwa sauti ndogo, lakini tulisikia.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa fainali ya mwisho ya Kepteni, na wapinzani ni hao hao wa mabomba. Wamebakiza mbio tatu na mpigaji mmoja, kepteni wao, yule yule aliyeongoza kuzomea enzi zile. Mpira ukapita pembeni ya gongo lake, Kepteni wetu, siku hiyo mwenye glavu za mdakaji, akaudaka nyuma. Tukapiga kelele, mimi zaidi, mpaka mbwa wa mlinzi akakimbia. Mwamuzi akatikisa kichwa. Kepteni hakubisha, akataka kumrudishia mrushaji mpira.

Ndipo yule bwana wa mabomba akaweka gongo kwapani.

"Acha, kaka. Nimegusa."

Asante, Kepteni. Kapumzike na shemeji, magoti yapoe, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Kuhusu nafasi yako, mimi nipo, watu wasisukumane. Kikombe kiko kantini, kimejaa alama za vidole vya rangi kila upande. Wa usafi wameambiwa wasikisugue. Sote tumegusa.