Tangi la Boinali

Haya aliniambia jirani yangu Hasnati, mwaka wa pili wa uhuru, siku ileile aliposhuka garini kutoka Mahajanga.

Mbele yake garini aliketi Boinali, fundi wetu, analirudisha tangi la mafuta la trekta aliloliacha mkoloni kijijini kwetu, amelipakata. Wazee walikwisha kata shauri: tangi likitema kutu tena, trekta linakwenda kwa mhunzi likafuliwe vyuma, nasi mpunga tutalima kwa jembe.

"Bwana wee, hiyo ni maiti," abiria mmoja, mzee Maoulida, alimcheka kwa Kingazija, lugha ya kwao Komoro.

"Nimelijaza maji ya ukwaju yanayokula kutu, na kokoto za kuikwangua, mzee wangu, nikalifunga kwenye gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Limebingirika hadi sokoni na kurudi. Kisha nikalisuuza kwa dizeli. Toa leso yako!"

Maoulida akazungushia leso yake nyeupe kwenye kijiti, akafuta ndani. Ikatoka na mafuta tu, wekundu wa kutu hakuna. Akina mama garini wakapiga vigelegele.

"Kutu itarudi mvua zikianza," mzee akabisha.

"Zikiisha, njoo ule wali wangu!"

Gari likasimama kijijini kwetu Belobaka, bado wanabishana.

Alasiri tangi likafungwa, trekta likanguruma, likalima hadi magharibi. Sote tulipokwenda kulala, Boinali alibaki akilipapasa tangi; alfajiri tukamkuta usingizi umemchukua palepale kwenye kiti cha trekta.