Nilimfundisha Mwanangu Kuniita Dada

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu! Leo msinipigie vigelegele kwanza. Najua wengi mmekuja kunipongeza kwa sababu nimepata timu Ulaya, na kukimbia sasa ni kazi yangu. Asanteni. Lakini kaeni. Nina hasira, na ushuhuda wangu siyo wa medali.

Mimi Chanceline mnanijua. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi hapa Mutaho nikiwa mdogo. Nilimzaa Bienfait nikiwa sekondari, nikamaliza shule nikimnyonyesha. Baba yake alikimbia, na mbio zake hata mimi sikuziweza. Mimi nikabaki na mbio zangu za kilimani. Nilikuwa nawapita vijana wa baiskeli na mizigo yao ya ndizi, wakinizomea: "Ehe, Mama Bienfait! Nani anakufukuza?"

Ndipo akaja meneja mmoja wa wanariadha kutoka Gitega mjini. Akaniangalia miguu, akasema: "We uko mzuri sana, shida uko mzee." Miaka ishirini na miwili, mzee! Akasema timu za nje zinataka wasichana wasiofika miaka kumi na minane, tena wasio na mtoto. "We ulizaliwa kambini, karatasi hakuna. Basi uko na kumi na saba. Na mutoto iko wa mama yako. Imeisha."

Ndugu zangu, sisi wa kambini jambo hili tunalijua. Cheti ambacho hakikuwahi kuwepo kinaweza kuandikwa leo, mradi wapatikane watu wawili wa kuapa. Wawili kati yenu waliapa. Mmekaa humu, siwataji. Na ninyi wengine mlijua, mkanyamaza, mkasema Mungu amefungua mlango. Mungu gani huyo?

Lakini aliyefanya vibaya zaidi ni mimi. Bienfait alikuwa na miaka minne. Kila aliponiita mama, nilimfinya paja. "Mimi ni nani?" "Dada." "Mama yako nani?" "Godeliva." Godeliva ni mama yangu mimi, bibi yake. Alikuwa akisikia hayo anatoka nje. Mtoto alilia siku za kwanza, kisha akaacha kulia, akajua somo. Nami nikajisifu kwamba ana akili!

Mashindano ya vijana yalikuwa Muyinga. Mama yangu aliugua malaria wiki hiyo, nikalazimika kwenda na mtoto. Nikamwacha kwa mpishi wa timu ya meneja, nikaenda kupasha mwili. Muda si mrefu mpishi akaja anahema: "Mutoto simuoni!"

Muyinga iko karibu na mpaka. Siku zile watu walikuwa wakinong'ona kuhusu watoto wanaoibwa na kuvushwa. Nilizunguka uwanja, nikaingia sokoni, nikafunua hadi maturubai ya watu. Yesu wangu, niliogopa! Na hata katika hofu ile nilikuwa naita, "Mdogo wangu! Mmemwona mdogo wangu?"

Nilimkuta getini, askari wa kike amemshika mkono, watu wamewazunguka. Nikasema mimi ni dada yake. Askari akakataa: "Dada hatumpi. Mama mtu aje mwenyewe." Nikampigia mama yangu, simu imezimwa. Huku nyuma wanatuita kwenye mstari wa kuanzia mbio. Meneja akanivuta kiwiko: "Kimbia kwanza! Mutoto iko na polisi, hapotei."

Nikamtazama Bienfait. Nikasema kwa sauti: "Mimi ndiye mama yake!"

Watu wakaangua kicheko. "Sasa hivi ulikuwa dada! Kesho utakuwa shangazi!" Askari hakucheka. Akainama, akamuuliza mtoto: "Huyu ni mama yako?"

Bienfait akatikisa kichwa. "Hapana. Ni dada. Mama ni Godeliva."

Ndugu zangu, mwanangu alinikana kwa utii! Mtu akapiga kelele: "Mwizi wa watoto!" Mwingine akanikamata jezi. Nikaona mkono umeinuka na jiwe. Askari akamgeukia meneja, na meneja akasema: "Huyu karatasi zake ziko wazi, hana mutoto." Akaondoka. Sikumwona tena siku hiyo.

Nikasema, Bwana, niko peke yangu, nisaidie. Sikusikia sauti yoyote. Nikapiga magoti, nikajikuta uso kwa uso na mtoto. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Bienfait, nilikosea. Nilikuumiza. Sitakufinya tena."

Akaficha paja kwa mkono. Akaniuliza polepole: "Sasa naruhusiwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama," akasema. Akarudia tena na tena, akanirukia shingoni. Aliyeshika jiwe akaliachia. Askari akafuta macho, nami nikamweleza yote, hata la cheti, naye akaandika.

Nilifungiwa kukimbia msimu mzima, na nilistahili. Nilienda mahakamani kusahihisha cheti, jina la mtoto likarudi chini ya langu. Kisha nikakimbia Gitega na wanawake wenzangu, kwa umri wangu wa kweli, nikashinda, na kocha wa hiyo timu ya Ulaya aliponiuliza kama nina mtoto nikasema ninaye, nitakuja naye. Akasema sawa! Ndugu zangu, alisema sawa tu!

Lakini msidhani kila kitu kimepona. Hadi leo, kabla ya kuniita mama, Bienfait ananitazama usoni kwanza. Hilo ninalibeba, na Bwana ananisaidia kulibeba.

Yule meneja ameonekana Bukirasazi, anatafuta wasichana wengine. Wazazi, Mungu aliyewapa mabinti wenu hizo mbio anajua walizaliwa lini. Mwaminini! Namshukuru kwa kunirudishia mwanangu. Na kama kuna binti humu aliyeambiwa aseme yeye si yeye, aje hapa mbele sasa. Haulizwi lolote. Tutamwombea kwa jina lake mwenyewe, la kweli.